Maji ya Mjukuu

Kazini walimwita Tingatinga, na jina lilimkaa. Miaka nenda miaka rudi alishika mashine ya kuvunja zege, ile inayomtikisa mtu mpaka meno, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kupokewa. Asubuhi za baridi vidole vyake vilipogeuka vyeupe, wenzake walimtania: "Vipi mzee, leo umekanda unga?" Alicheka, akavipuliza, akaendelea. Ganzi kwake ilikuwa kero ndogo, kama mbu.

Nyumbani alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kuandaa maji ya kumwogeshea mjukuu. Binti yake alichemsha, lakini kuchanganya na kupima ilikuwa haki ya babu. "Vidole hivi haviongopi," alijigamba.

Jioni ile alivichovya kwenye beseni, akavisikilizia. Maji ya vuguvugu tu. Akaongeza ya moto kutoka kwenye sufuria, akachovya tena. Bado. Akaongeza.

"Mlete," akaita. "Yako tayari."

Binti akaja na mtoto, uchi, anarusha miguu kwa furaha. Akapiga magoti kumtumbukiza. Babu alikuwa anayakoroga maji kwa mkono, yakaruka kidogo, yakamwangukia binti pajani. Akapiga ukelele, akajitupa nyuma na mtoto kifuani.

"Baba! Maji yanaunguza!"

"Acha kudeka, mwanangu. Mimi mbona mkono umo humu humu?"

Ulikuwemo kweli. Binti aliuvuta ukatoka mwekundu, malengelenge yameanza kuvimba vidoleni. Babu alipigwa na butwaa. Alisubiri maumivu, hayakuja. Badala yake kikaja kitu kibaya zaidi: akilini alimwona mjukuu wake ndani ya beseni, na yeye amemshikilia humo, anamwimbia. Akakaa sakafuni.

"Ningemuua," alisema. "Mwanangu, ningemuua kwa mikono yangu."

Binti alikuwa analia, mtoto kifuani, huku anaumwagia maji baridi mkono ulioungua. Babu akafumba macho, hakutaka kuuona mkono ule. Mtoto, asiyejua lolote, akanyoosha kiganja akaudaka mkono wa pili wa babu yake, ule mzima, kama alivyozoea.

"Basi, baba," binti akasema taratibu. "Huyu hapa mwenzako, anakuvuta kidole."

"Kipi?" akauliza babu.