Picha Inayoeleweka Mno

Mwenzetu wa masjala alinunua kamera mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa tatu hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Tulimwita Lenzi, naye aliitika kwa fahari, kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kamera yenyewe ilikuwa nzuri, hilo sikatai. Ilikuja na begi lenye mifuko tisa, na Lenzi aliona aibu kuacha mfuko mtupu. Akanunua lenzi ya mbali, lenzi ya karibu, na nyingine ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi. Akanunua na kizibao chenye mifuko mingine. Ukimwomba picha, alitazama dirishani, akatikisa kichwa: "Mwanga bado." Akajiunga na kundi la wapenda picha kwenye simu, watu mia mbili waliokuwa wakibishana kutwa kucha juu ya vifaa.

Mkewe ni fundi cherehani. Nilipompelekea suruali ya kupunguza, aliniambia, "Shemeji, nyumba yetu haijala kitu cha moto tangu kamera hiyo iingie. Lazima kwanza apande kiti, apige picha ya sahani kutoka juu."

Basi mkuu wetu akastaafu, na Lenzi akajitolea kupiga picha za kumuaga. Tungemkatalia vipi? Mtu aliyevaa kizibao namna ile hakataliwi.

Siku hiyo alilala sakafuni, akapanda juu ya kabati la mafaili, akampiga mkuu picha kupitia tundu la mlango. Ilipofika picha ya pamoja, alituamuru sote, watu thelathini na wawili, tugeuke tutazame ukuta.

"Sura zimezoeleka," alisema. "Migongo ndiyo yenye hisia."

Wiki iliyofuata picha zikaja, tukamwita mkuu na mkewe ofisini. Kulikuwa na glasi ya maji iliyotoka safi kabisa, na nyuma yake ukungu. Lenzi aliapa kwamba ukungu ule ni mkuu. Kulikuwa na sikio. Kulikuwa na keki isiyo na watu, na mtu asiye na kichwa. Mke wa mkuu alizipekua zote mara mbili, kisha akauliza kwa upole, "Baba watoto yuko kwenye ipi?"

Mkuu mwenyewe aliishika ile ya pamoja, akaitazama kitambo. "Miaka ishirini na sita nimeitazama migongo yenu mkitoroka kazini," akasema. "Na ndiyo mnayonipa niende nayo nyumbani?"

Tulicheka mpaka machozi. Lenzi hakucheka.

Ikabidi aitwe mzee wa picha za pasipoti, mwenye kibanda chembamba mkabala na ofisi yetu. Lenzi alizoea kumwita "mgonga mihuri". Mzee alikuja na kamera moja iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Akafungua pazia, akamsogeza mkuu karibu na dirisha, akamuuliza, "Hebu niambie, kati ya hawa wote, mvivu wao alikuwa nani?"

Mkuu akageuka kututazama mmoja mmoja, na tabasamu likamtoka lenyewe. Kamera ikalia mara tatu. Basi, kazi ikawa imekwisha.

Lenzi akamfuata mlangoni. "Kamera yako ni ya aina gani?"

"Ya kupigia picha," mzee akajibu, akarudi kwa wateja wake.

Kesho yake Lenzi alikuja kazini bila kizibao. Saa ya chakula nilimwona amesimama mbele ya kile kibanda, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nifundishe, mzee wangu."

"Nikufundishe nini, na wewe una lenzi tatu?"

"Ndiyo maana."

Mzee akacheka, akampa masharti. Begi libaki kabatini. Lenzi moja tu, ile fupi. Picha kumi kwa siku, isizidi hata moja, na kabla ya kubonyeza aseme kwa sauti anapiga picha ya nini. Akikosa la kusema, asibonyeze. Na zile mbovu asizifute mpaka ajue zimeharibikia wapi.

Wiki ya kwanza aliipiga picha stuli ya jikoni. Stuli asubuhi, stuli mchana, stuli jioni, karibu na dirisha, mbali na dirisha. "Hiyo stuli umeitazama zaidi kwa wiki moja," mkewe akamwambia, "kuliko ulivyonitazama mimi miaka minane." Lakini siku ya tano Lenzi alinivuta mkono pale masjala, akanionyesha mwanga ukiingia kwa ubavu na kuyalalia mafaili. Miaka kumi na mmoja nimekaa chumba kile, na kweli sikuwahi kuuona.

Jumamosi alikwenda kumsaidia mzee kuwakalisha wateja. Huko ndiko ilikogundulika kwamba hajui kuzungumza na mtu. "Kaa! Tulia! Usipepese!" Wateja walitoka kwenye picha kama watu wanaosubiri sindano.

"Usiwaamrishe," mzee akamwambia. "Waulize. Kila mtu ana jambo analongoja kuulizwa."

Akajifunza kuuliza. Mama mmoja aliyeulizwa habari za wajukuu alikalia kile kiti mpaka foleni ya nje ikaanza kununa.

Mwezi haujaisha, mchana mmoja, alimkuta mkewe kwenye cherehani, uzi umebanwa kwa meno, ameinua gauni dirishani kukagua mshono. Lenzi akainua kamera, akasema kwa sauti, kama alivyofunzwa, "Napiga picha ya mke wangu akitafuta kosa."

"La nani?" mkewe akauliza, akageuza jicho tu.

Akabonyeza.

Aliipeleka kwanza kwenye kundi lake. Mmoja akauliza ni lenzi gani. Mwingine akauliza ukungu uko wapi. Mwenyekiti akahitimisha: "Si mbaya, ila inaeleweka mno." Lenzi alinisomea hukumu hiyo kwa uchungu. Nikamwambia hiyo ni sifa, hakuniamini.

Akaichapisha, akampa mkewe. Shemeji aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nimechoka hivi?"

"Umechoka."

Kisha akagusa gauni lile pichani kwa ncha ya kidole. "Lakini mshono umenyooka," akasema, akaipigilia ukutani juu ya rafu ya nyuzi, mahali wateja wanaposubiria.

Lenzi alijikalisha pale kutwa nzima, akisingizia kufuta vumbi kwenye kamera, ili asikie watu watasema nini. Mteja wa kwanza aliitazama picha muda mrefu, akainamisha shingo huku na huku. Kisha akasema anataka gauni kama hilo.