Maziwa ya Siku ya Tatu

Pale kituo cha maziwa walimwita Bi Tone, kwa kuwa tone moja lilimtosha kukuumbua. Mleta maziwa angeapa kwa mbingu na ardhi kwamba dumu lake ni la mbuzi mtupu. Bi Tone hakubishana. Alichovya kijiti, akadondosha tone kwenye kioo, akafunga kifuniko, na mashine ikapitisha mwanga. Maziwa ya kila mnyama humeza mwanga kwa namna yake. Kwenye skrini hujichora mstari wa vilima na mabonde, na chini yake jina: ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia. Ukichanganya, mstari unakuchongea.

Aliyesema mashine imekosea hakufukuzwa. Bi Tone alimwambia tu amlete mnyama, akamuliwe mbele ya macho yake. Mjanja mmoja, kwa haraka ya kutafuta ushahidi, alileta beberu, na kituo kizima kikacheka hadi adhuhuri. Kwa miaka kumi na tisa Bi Tone hakukubali neno la mtu pale alipoweza kuona chuchu.

Ila mganga hajigangi. Maziwa yaliyoingia nyumbani kwake mwenyewe hakuyapima.

Yalikuwa ya mtoto wa mdogo wake. Mdogo wake alijifungua binti na kufariki siku ya tatu, na Bi Tone akajikuta mama bila kubeba mimba. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika. Ya ng'ombe yalimvimbisha midomo, daktari akasema yasiguse tena ulimi wake. Ndipo shemeji yake, baba wa mtoto, akaanza kuleta chupa kila siku saa nane mchana. "Nimenunua mbuzi," alisema. "Tumjaribishe." Mtoto alinyonya, akashiba, mashavu yakajaa. Bi Tone alishukuru Mungu na hakuuliza swali kwa wiki kumi na moja.

Sasa, kila asubuhi mashine ile huamshwa kwa maziwa yanayojulikana, isije ikaanza siku imepotoka. Asubuhi moja mleta maziwa ya mbuzi alichelewa. Ndani ya mkoba Bi Tone alikuta chupa ya mtoto aliyosahau kuitoa, yenye mabaki kiduchu. Mbuzi ni mbuzi, alijisemea, akadondosha tone.

Mashine ikaandika: binadamu.

Mstari huo ulikuwamo tangu kiwandani, maana hospitali nazo hutumia mashine kama hizo. Bi Tone akafuta kioo, akarudia. Binadamu. Damu ilimchemka. Shemeji anamnunulia mtoto maziwa ya mwanamke gani, na mwenye afya gani? Kisha akautazama mstari vizuri, na hasira yote ikamtoka.

Kilima kile kirefu cha mwanzo kilikuwa cha dang'a, maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, ambayo baada ya wiki mbili huyapati kwa mzazi yeyote. Na kilima hicho hicho alishawahi kukiona. Siku ile ya tatu, mdogo wake akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali, alimpa kichupa. "Dada, nipimie. Mbona ya manjano hivi? Kweli yanamfaa?" Bi Tone alipima, akachapa karatasi, akarudi mbio kumwambia yanafaa sana, akakuta shuka limefunika uso. Karatasi hakuwahi kuitupa. Aliitoa kwenye droo, akachapa na ya leo, akaipachika ya zamani juu ya mpya, akaziweka zote mbili kwenye kioo cha dirisha. Mistari ililaliana ikawa mmoja.

Hata mwanamke mmoja, asubuhi na jioni mstari wake husogea. Huu ulikuwa haujasogea tangu kifo. Bi Tone aliogopa, akaogopa kweli, hata akaketi sakafuni kati ya madumu.

Saa nane alimsubiri shemeji mlangoni.

"Shemeji, huyo mbuzi nataka kumwona."

"Mkali yule, shemeji. Anapiga mateke."

"Nimeshakamua ngamia anayeuma. Kesho nakuja."

Mwanamume akatazama viatu vyake. "Usije. Mtoto anakula, ananenepa. Unataka nini tena?"

"Kuona."

"Mimi mwenyewe sijaona," alisema. "Naweka chupa tupu chumbani, nafunga mlango, nakaa jikoni. Saa saba naikuta imejaa, ina joto. Sijawahi kufungua mapema hata siku moja. Nahisi ndiyo maana inajaa."

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini kesho yake, jua la utosini, Bi Tone alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda kukaa jikoni kwa shemeji yake.

Bomba lilikuwa likidondoka kwenye karai. Shemeji alikaa amebana mikono katikati ya magoti. Saa saba kasoro robo, kiti cha chumbani kililia, kama mtu mchovu amejitupa juu yake. Halafu ikaja sauti ambayo Bi Tone aliijua kuliko jina lake: mchirizi mwembamba wa maziwa ukigonga kitako cha chupa. Shemeji alimshika mkono. Akajinasua, akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa cheupe kwa jua. Mdogo wake alikuwa kitini, mgongo kwa mlango, amevaa gauni la hospitali lenye kamba nyuma. Mabega yake yalikuwa yakienda polepole. Hakugeuka.

"Dada, si ungesubiri tu," alisema.

Sauti kwenye chupa ilikatika.

"Umeshaniona, hayatoki tena. Mlete anyonye mwenyewe."

Bi Tone alipopepesa macho kiti kilikuwa kitupu, na chupa ilikuwa nusu.

Nusu ile iliisha jioni. Kesho yake aliweka chupa chumbani na hakuna kilichoingia. Alileta maziwa ya mbuzi safi kabisa kutoka kituoni, ameyapima mara tatu, mtoto akaharisha. Jirani mwenye kichanga akampa ziwa lake. Mtoto akageuza uso. Hospitali walimtundikia maji, wakamrudisha, wakasema atafutiwe kitu atakachokubali. Utosi ukabonyea. "Macho yangu haya," Bi Tone alijilaani, "macho yangu haya ndiyo yanamuua." Siku ya tatu mtoto aliacha kulia, na ukimya huo ndio uliomvisha Bi Tone viatu.

Shemeji alikuwa amekaa kizingitini. Alipomwona na mtoto mgongoni alisimama kuziba njia.

"Na akimchukua je?"

"Na asipompa je?"

Mwanamume akasogea pembeni.

Kiti kilikuwa kimegeuzwa, safari hii kimeelekea mlango. Mdogo wake alikuwa kama alivyokuwa siku ya tatu, midomo mikavu, nywele zimelala upande mmoja. Alinyoosha mikono. Bi Tone alimfungua mtoto, akamweka kwenye mikono ile iliyokuwa baridi kama chuma cha dumu, lakini mguu mmoja hakuuachia. Alipiga magoti hapo hapo, kisigino kidogo kiganjani mwake.

Mtoto alishika ziwa mara moja. Alinyonya kwa pupa, akapumzika, akanyonya tena. Rangi ilirudi mashavuni. Mguu, uliokuwa umelegea siku nzima, ukapiga teke, na Bi Tone akalia kwa furaha bila kujificha. Mwisho mtoto akaachia ziwa, akasinzia, tone la manjano likimtiririka kidevuni.

"Ameshiba, mdogo wangu," Bi Tone alisema. "Ahsante. Nirudishie."

Mdogo wake alimfuta mtoto kidevu. Akamfunika taratibu kwa upande wa gauni, akamlaza vizuri kifuani, kisha akaanza kumvuta.

Bi Tone akaushika na mguu wa pili.