Boti ya Mtu Mmoja

Wanawake wengine waume zao huwaletea mke mwenza wa nyama na damu. Mimi wangu alikuwa wa mbao. Alilala kwenye banda nyuma ya nyumba, chini ya turubai, na tangu mume wangu Thurman afariki sikuwa nimemfunua hata siku moja. Nilimchukia, na sikuona sababu ya kuficha.

Ni boti ya kuwindia bata, zile fupi na bapa za huku kwetu Ghuba ya Barnegat, zilizofunikwa juu kote isipokuwa tundu la kuingilia. Mwindaji anaingia, analala chali, anajifunika mikeka ya nyasi, na bata wanashuka wakidhani ni kichaka cha majini. Ndani hamna nafasi ya mtu wa pili. Babu yake Thurman ndiye aliyeiunda, kwa mbao za mwerezi. Huko chini kwenye miguu kuna kibao cha kukanyagia, na kila boti inapopata mwenyewe mpya, mtu huyo analazwa sakafuni pa banda, anachorwa na chaki kuanzia kichwani mpaka nyayoni, kisha kibao kinasogezwa kimtoshe. Matundu ya misumari yamo bado, ya babu, ya baba, halafu ya Thurman. Sisi hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo matundu yaliishia hapo.

Nyumba ilikuwa imenishinda. Nilikuwa bado napika pai ya kombe ya watu wawili kwa sababu ya mtu mmoja sijui inapikwaje, naila mpaka inanikinai, halafu nawarushia shakwe. Ziko siku nilikuwa nafika jioni ndipo nagundua sijasema neno tangu asubuhi, na nikijaribu kusema, sauti inatoka imekwaruza.

Basi vuli ile akaja Bwana Whitcomb, msimamizi wa makumbusho yetu ya mji, akaomba boti. Mtu mstaarabu, nisimsingizie. Alisema wataipaka rangi upya na kuiweka kwenye chumba chenye taa. Mikeka ya nyasi tu ndiyo watakayotupa, maana ina wadudu. Nikamwambia aje Jumamosi ya wiki inayofuata, nitakuwa nimeamua.

Alipoondoka nikavuta turubai, nikabaki naitazama. Mbao zilikuwa zimekauka, zimeachana, nyufa za kupitisha kidole. Sijui kilichonipata, mtu mwenyewe siipendi, lakini nilijikuta nimepiga magoti na pamba ya kalafati mkononi, naziba. Ndivyo alivyonikuta Norval.

Norval alikuwa mwenzake Thurman wa kuwinda tangu ujana, kila mmoja na boti yake, wanazilaza ubavu kwa ubavu. Hajaoa. Husema hakuna mwanamke aliyewahi kumkosea kiasi hicho.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naziba. Huoni nyufa?"

Akainama akachomoa pamba yote niliyoihangaikia. "Unataka kuivunja mbavu hii. Mbao imekauka. Ukiijaza sasa, ikinywa maji itavimba ikose pa kwenda, misumari yote ifumuke. Miaka yote umeolewa na mtu wa ghuba, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafua soksi zake."

Akacheka kidogo, akakaa juu ya ndoo. "Tuizamishe kwenye kijito, tuone. Ikishiba maji ikajifunga yenyewe, ni nzima, inafaa kutengenezwa. Isipojifunga, mpe Whitcomb, boti ya kutazamwa haihitaji kuelea."

Nikakubali. Moyoni nilisema isipojifunga nitakuwa nimepona. Tukaikokota mpaka kwenye kijito, tukaijaza mawe, ikazama taratibu mpaka likabaki tundu tu likituangalia kutoka chini ya maji.

Ikawa kila asubuhi Norval anapita kuikagua. Anaingiza mkono majini, anapapasa, anasema "bado", halafu anakuja kunywa kahawa. Nikaanza kuutambua mlio wa gari lake kabla halijakata kona. Nikaanza hata kuchana nywele. Msinifikirie vibaya, Norval mwenyewe sikumtaka. Nilichotaka ni kusikia mtu akivua mabuti mlangoni kwangu.

Asubuhi moja nikamuuliza lililokuwa limenikaa rohoni toka niwe bibi harusi.

"Mlikuwa mnaongea nini kule?"

"Kule? Hatuongei."

"Miaka yote hiyo?"

"Bata wanasikia, shemeji."

"Sasa Thurman alikuwa anapata nini mle ndani asichokipata hapa kwangu? Anaamka gizani, anaacha kitanda cha moto, anaenda kulala kwenye sanduku lenye baridi. Mwanamke yeyote angejiuliza."

Norval akazungusha kikombe mezani. "Hilo siwezi kukujibu kwa uongo. Kila mtu yuko kwenye boti yake." Kisha akavaa mabuti, akaenda zake, nami nikaosha vikombe viwili polepole.

Ijumaa tukaiibua. Tukatoa mawe, tukakumba maji, tukangoja. Norval alilala kifudifudi ukingoni akichungulia ndani, na mimi nikasimama nyuma yake nimekunja mikono. Maji hayakurudi. Zile nyufa za kidole hazikuwapo tena.

"Imejifunga," alisema.

Nilidhani nitakasirika. Badala yake nikakaa kwenye nyasi.

Tulipoirudisha bandani, Norval akaizunguka, akiigonga hapa na pale. "Mbavu mbili za kubadilisha, na rangi. Kazi ndogo. Swali ni unamtengenezea nani. Mimi boti ninayo, na humu hata ningeitaka, magoti yangu yangetokea juu." Akaitoa mikeka ukutani, akaitandaza juu ya boti ilivyokuwa zamani, labda apate kuiaga vizuri.

Mikeka hiyo niliisuka mimi. Huku kwetu kila vuli mke anasukia boti nyasi mpya za kinamasi. Upande mzuri unatazama bata, na mafundo yote yanafungiwa upande wa chini, yasionekane. Mimi niliyafunga kwa hasira, fundo la kamba ya kuanikia nguo alilonifundisha mama, nakaza utadhani namnyonga mtu. Vidole vilipoanza kuniuma nikaacha kusuka, na hii iliyobaki ilikuwa ya mwisho, imechakaa, imetoboka.

"Nipishe," nikamwambia Norval.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsalimia mke mwenza."

Nikaingia, kwa shida, yeye akinishika kiwiko na kunung'unika kuhusu mgongo wangu. Nikalala chali. Miguu yangu haikugusa kitu, kibao cha Thurman kilikuwa mbali. Norval akanivutia mkeka usoni, kama wanavyofanya.

Nikaona mafundo yangu. Sikuona kingine. Yalikuwa shubiri moja kutoka kwenye pua yangu, mistari na mistari ya mafundo yangu mabaya ya hasira. Na lile la karibu na mkono wa kulia lilikuwa jeusi na laini, limesuguliwa na kidole gumba. Nikaweka changu hapo, kikakaa.

"Norval," nilisema nikiwa chini ya nyasi. "Kwa nini hakubadilisha mikeka hii? Imetoboka, bata si wanamwona?"

"Wanamwona ndiyo. Misimu yake ile ya mwisho hakupiga kitu. Nilimpa mikeka yangu akakataa. Alisema hii inamtosha."

Nakumbuka zile jioni, anarudi mikono mitupu, namwambia afadhali angekwenda kuwinda sokoni, naye anavua kofia na kuuliza kuna nini cha kula.

"Mjinga yule," nikasema. "Si angeniambia."

"Thurman? Aseme?"

"Angenichukua hata siku moja."

"Boti ni ya mtu mmoja, shemeji."

Nililia humo ndani, tena sana, na Norval hakunifunua wala hakuondoka. Nilimsikia amekaa juu ya ndoo yake, anakohoa mara moja moja ili nijue yupo. Nilimlilia mume wangu na nilijililia mwenyewe, miaka yote ile tumelala kitanda kimoja kila mtu na kimya chake. Nilipomaliza nikausukuma mkeka pembeni.

"Chaki ipo kwenye droo ya juu," nikasema. "Ilete."

"Ya nini?"

"Kupima. Au umesahau wanavyopima?"

"Shemeji, una zaidi ya miaka sabini."

"Sikukuuliza umri. Mbavu mbili na rangi, umesema mwenyewe ni kazi ndogo. Na kibao utakisogeza. Msimu ukifunguliwa utanionyesha pa kulaza boti."

"Bunduki umeshawahi kushika?"

"Nani kakwambia naenda kupiga bata? Mikeka yenyewe imetoboka."

Basi nikalala kwenye sakafu ya saruji, baridi ikipenya koti. Norval akapiga magoti akaanza kichwani, akashuka begani, polepole. Alipofika kiunoni akasita.

"Endelea, mimi siumi," nikamwambia, na akaendelea mpaka nyayoni. Akaninyanyua. Tukasimama tukitazama sakafu.

"Mfupi hivyo," alisema. Kisha akaenda nyumbani kwake kabla giza halijaingia, na mimi nikala pai iliyobaki nikiwa nimesimama jikoni.

Jumamosi Bwana Whitcomb akaja na gari kubwa na vijana wawili na mablanketi ya kufungia. Nikampeleka bandani, maana heshima ni kumwambia mtu hapana mbele ya kitu chenyewe. Aliivulia boti kofia, halafu akatazama chini, akaukwepa ule mchoro wa chaki asiukanyage.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

"Huyo," nikamwambia, "ndiye mwenye boti."