Langoni kwa Mama

Garikai aliingia ukumbi wa mtaa wa Sakubva amenuna, na wala hakuficha. Jumamosi ingenywewa pombe ya tambiko la kuirudisha nyumbani roho ya marehemu mama yake, naye alikuwa ameapa hatakanyaga ua ule maadamu shemeji yake Maidei, mke wa kaka yake, yumo. Kaka yake alimsihi mpaka akakubali jambo moja tu: yeye na Maidei waende kwenye kikundi cha Mama Chirandu, yule mshauri ambaye watu wake hawasimulii machungu yao, wanayaigiza.

"Haya, shemeji yako kakukosea nini?" Mama Chirandu aliuliza.

"Alimwigiza mama msibani."

Watu wakaangua kicheko. Mkamwana asipomwigiza mkwe wake msibani, nani afanye? Ndiyo kazi yake hiyo: avae nguo za marehemu, atembee kama yeye, agombe kama yeye, wafiwa wacheke huku wanalia.

"Alisimama langoni akinitazamia mimi," Garikai alisema. "Mbele ya umati! Eti mama anamngoja mtoto aliyeko Johannesburg, hata kumzika hakuja. Nimesimuliwa."

"Umesimuliwa, hukuona. Maidei, hebu tuonyeshe."

Maidei akajifunga kitambaa kichwani, akavuta mguu wa kushoto mpaka kwenye viti viwili vilivyofanywa lango. Akaweka kiganja juu ya macho.

"Yule si Gari? Aa, wapi! Muuza nyanya. Na miguu ile, maskini, kama ya mwanangu!"

Garikai alicheka kabla hajajizuia, maana Maidei alikuwa mama hasa. Kisha hasira ikamrudia maradufu.

"Mnaona? Ananisuta!"

"Badilishaneni," Mama Chirandu akasema kwa upole. "Wewe uwe mama. Maidei ndiye wewe, anatoka safari."

Garikai akaenda langoni akichechemea, anajiona mjinga. Lawama za mama alikuwa nazo tayari. Mwaka mzima zilimlia kichwani. Maidei akabeba begi, akaanza kuja polepole kutoka mlango wa mbali. Garikai akainua kiganja, akamwona mtoto wa watu anakuja, hana kibali cha kuvuka mpaka, hana hata kipande cha karatasi.

"Rudi!" akapiga kelele. "Rudi, Gari! Watakufunga mpakani! Wanao watakula nini? Nitazikwa na hawa hawa waliopo, wewe rudi!"

Maidei akatua begi chini, machozi yanamtoka.

"Ndivyo mama alivyosema hospitalini, shemeji. Neno kwa neno. 'Gari asije, watamfunga.' Akanituma nikwambie."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia mara nne. Baada ya mazishi nikapiga tena na tena. Hukupokea."

Garikai akakaa sakafuni palepale, akalia kilio ambacho hakuwahi kumlilia mama yake. Maidei akaja akakaa karibu naye, hakumgusa.

"Niliziona," Garikai akasema mwishowe. "Simu zako zote niliziona."