Uchu wa Udongo

Lella Wasila alimfuma mkamwana wake katika chumba cha kuogea, mdomo umemtapakaa udongo. Raudha alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, bakuli la tfal mapajani, ule udongo wa kuoshea nywele ambao mama mkwe mwenyewe huuroweka kwa maji ya maua ya midanzi, ile michungwa michungu, na kuuanika darini. Alikuwa akimung'unya kipande baada ya kipande, macho kayafumba, kwa raha zake.

"Unakula nini, mwanangu?"

Raudha alishtuka, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Si kitu, Mama. Naangalia tu kama umekauka."

Lella Wasila akautazama udongo. Akautazama uso wa mkamwana wake uliosawajika, na ile midomo iliyokosa rangi. Kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya shungi, machozi yakamlengalenga.

"Usinifiche mimi. Mimba ya mumeo Munsif nililamba ukuta wa jikoni mpaka marehemu baba yake akalazimika kuupaka upya. Tangu lini?"

Hapo ndipo Raudha alipopaswa kusema. Ilikuwa kazi ya neno moja tu: sivyo. Lakini mama mkwe alikwisha kumshika mabega na kumbusu paji la uso, na alikuwa akitetemeka kwa furaha, bibi wa umri ule, na Raudha akaona kwamba neno lile halisemeki juu ya ndoo, na udongo ungali kwenye meno. Akanyamaza. Na watu wa mji huu wa Nabeul, ukitaka wakuamini jambo, wewe nyamaza tu, wao watalimalizia wenyewe. Hivyo ndivyo mimba ilivyoingia katika nyumba ile bila kuingia tumboni mwa mtu.

Ni kweli Raudha alikuwa ameshavuka miaka arobaini na tano. Lakini Lella Wasila mwenyewe alimzaa kitindamimba wake, Mufida, katika umri huohuo, kwa hiyo hesabu za miaka hazikumtisha. Kabla ya kuskusi ya mchana kuiva Mufida naye alikuwa keshapata habari, akapanda ngazi mbili mbili hadi kwa wifi yake.

"Wifi! Wewe kimyakimya kumbe! Sisi tunadhani duka limefungwa, kumbe mnauza kwa mlango wa nyuma!"

Raudha akacheka, maana na yeye ni mtu, na lile neno lilichekesha. Kisha akaingia msalani akalia.

Alikuwa akitoka damu. Haikuwa ile ya siku zake za ujana, iliyokuja ikaenda bila kuaga. Hii ilikuja kama bomba lililopasuka, mabonge mabonge, ikatulia kidogo, kisha ikarudi kabla hajapata nafasi ya kumshukuru Mungu. Alivaa pedi mbili, juu yake kitambaa, juu yake sketi nyeusi. Kitandani alitandika taulo chini ya shuka, na akawa analala kama askari wa zamu, jicho moja wazi. Akialikwa harusini alichagua kiti kwa rangi ya mto wake, na kama mito yote ilikuwa myeupe alisimama hadi bibi harusi akaondoka, watu wakasema Raudha leo kachangamka.

Daktari Faten, mama mmoja mtulivu mwenye kliniki upande wa stesheni, alimpiga picha tumboni wakati wa baridi, akachukua na kipande kidogo cha nyama kukipima. Hakukuwa na ugonjwa mbaya. Kulikuwa na uvimbe mdogo katika mji wa mimba, na umri wenyewe, mwili unaojiandaa kukoma hedhi ukiwa haujui bado uanzie wapi. Lakini damu yake ilikuwa imeshuka mno. "Ndiyo maana unatamani udongo na barafu," daktari alimwambia. "Mwili unalilia madini ya chuma. Na udongo wenyewe unakunyang'anya hata hayo kidogo uliyo nayo."

Kisha akamweleza njia. Kuna vidonge vya kumeza zile siku nzito tu, vya kupunguza damu. Kuna kitanzi chenye dawa, kinawekwa ndani ya mji na kukaa miaka. Miezi ya mwanzo kinaweza kusumbua kwa matone matone, baadaye wengi hedhi yao huwa kidogo, na wengine hukauka kabisa. Kuna kuunguza ukuta wa ndani. Na kuna kuutoa mji wote, ambao ndio mwisho wa maneno, ila ni upasuaji, na upasuaji una vidonda na wiki za kulala. "Hakuna anayekukimbiza," alisema. "Ila usikae bila kuchagua, maana hata huko ni kuchagua."

Raudha alisema atafikiri, na tangu siku hiyo alikuwa akifikiri. Vidonge vya mwanzo alivipata, vikamsaidia nusu. Kuchagua kati ya njia zilizobaki ndiko kulikomshinda. Haikuwa kwamba alitaka mtoto. Binti yao Ines alikuwa Sfax anasoma, mkubwa mwenye maneno yake. Baada yake mimba ziliingia na kutoka, ya mwisho ikiwa imeshafika miezi mitano. Munsif hakuwahi kulalamika hata siku moja, na huko kutolalamika ndiko kulikomtesa Raudha. Aliona kila njia aliyopewa na daktari ni mlango ambao yeye, kwa mkono wake, angemfungia mumewe.

Jioni ya siku ile ya udongo Munsif mwenyewe alirudi kutoka kwenye karakana ya vigae, rangi ya samawati imemkauka kwenye kucha, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mama anasema... Kweli?"

Raudha akatazama chini. Mume akadhani ni haya. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini, akakaa hivyo kitambo kirefu.

Kuanzia hapo mtu hakupumua. Mwenye mimba akitamani kitu asikipate, mtoto huzaliwa na alama ya kitu hicho mwilini, hilo kila mtu analijua, na Munsif hakutaka mtoto mwenye alama. "Taja," alimwambia kila asubuhi. "Taja tu." Akaleta stroberi za Korba. Akaleta samaki wa Kelibia. Akazunguka masoko akiuliza tikiti maji, na majira yake hayajafika, wauzaji wakamcheka. Raudha alikula kila kilicholetwa. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho ikafika, naye akavaa sketi nyeusi.

Ukaingia msimu wa maua. Ua lote la nyumba likafunikwa mashuka, na juu ya mashuka maua ya midanzi, meupe, harufu imejaa mpaka kwenye mikate. Chungu cha shaba kikatolewa stoo, kikasuguliwa kwa limau na chumvi, bomba lake likafungwa vizuri, tayari kwa kuyakeneka, kuyachemsha mpaka mvuke wake ugeuke maji ya harufu. Na katika kazi hiyo pana mila: mwanamke aliye mwezini haikaribii shaba, maji yasije yakachacha. Hukaa pale mlangoni kuchambua majani, hasemi sababu, wala haulizwi. Misimu miwili mfululizo Raudha alikaa pale mlangoni.

Mwaka huu Lella Wasila alikuwa na mpango wake. Alimshika mkamwana mkono, akamvusha ua zima, akamkabidhi kiberiti.

"Utawasha wewe. Mwenye tumbo akiwasha, maji huwa na baraka. Chupa ya kwanza tunaiweka kando ya kumuogeshea mtoto."

Mufida alikuwa ameshapiga magoti tayari kupuliza moto. Raudha akakishika kiberiti. Asubuhi ile damu ilikuwa ya kumwagika. Alihisi inavyoshuka pale pale aliposimama. Angeweza kuwasha. Nani angejua? Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kuitia mkono shaba ya watu ukiwa katika hali ile, maji ambayo bibi anawapelekea wagonjwa na waosha maiti, ni kitu kingine. Akamrudishia mama mkwe kiberiti.

"Siwezi, Mama."

"Huwezi nini? Kuwasha kiberiti?"

"Nimo mwezini."

Mufida akainua kichwa. Lella Wasila akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri aelezwe vizuri.

"Mwezini vipi? Na mtoto?"

"Hakuna mtoto, Mama. Hakuwapo. Ni damu tu, inatoka na kutoka. Daktari amesema mtu akiishiwa damu hutamani udongo. Nisamehe. Ulifurahi mno, nikashindwa."

Bibi akakaa kwenye kigoda. Uso ukamshuka, na kwa muda akaonekana mzee kuliko alivyowahi kuonekana. Raudha alisimama akingoja matusi, angeyapokea yote. Hayakuja.

"Tangu lini?" Lella Wasila aliuliza.

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Bibi akatikisa kichwa. "Nawe unanipandishia mabeseni ya nguo mbichi ngazini. Na mimi nikikuona pale mlangoni nasema moyoni, huyu anasingizia siku zake, hataki moshi umharibu nywele." Akaishika mikono ya Raudha. "Tazama, barafu tupu. Mufida, lete kile kiti chenye mgongo. Kiweke hapa."

"Hapa ni karibu na shaba, Mama," Raudha alisema.

"Mimi si kipofu. Una baridi, na moto utawashwa hapa. Maji yakichacha tutapigia deki. Kaa."

Raudha akakaa. Alilia mpaka mabega yakamtikisika, na mama mkwe hakumwambia anyamaze. Aliwasha moto mwenyewe, akamfunika miguu kwa shungi lake, akataka aelezwe yote, tangu pedi mbili hadi kitanzi.

"Utoe chote, wifi!" Mufida alidakia. "Mimi ningekuwa wewe, ningeutoa wiki hii hii, nikaenda pwani na suruali nyeupe!"

"Wewe nyamaza, huo si mji wako," mama yake alimkata. "Na kitanzi ni kitu cha kuogopa? Mimi nilivalishwa baada yako. Ningekivaa mapema kidogo, tusingekuwa na mtu wa kutupigia domo hapa."

Hata Raudha alicheka, kamasi na machozi pamoja. Kisha Lella Wasila akasema, kwa sauti ya chini, "Munsif nitamwambia mimi. Mwanangu ni laini."

"Hapana, Mama. Hilo ni langu."

Karakana haikuwa mbali, lakini alipumzika njiani, mara moja kwenye ngazi za benki na mara nyingine kwa muuza viungo. Munsif alikuwa peke yake, anachora jani juu ya kigae. Alipomwona mkewe alirukia kiti, akakipangusa, akaweka mto. Raudha akautazama mto. Ulikuwa wa rangi ya maziwa. Akabaki amesimama.

Munsif akautazama mto, akamtazama mkewe, ile sketi nyeusi, namna alivyojishikilia ukutani. Si mjinga. Ameishi na mwanamke huyo miaka mingi.

"Mimba imetoka?" aliuliza.

"Haikuwapo, Munsif." Akamweleza, na safari hii hakuacha neno.

Mume akaweka brashi chini. Alikaa yeye kwenye ule mto, kama aliyesahau alimwekea nani, akajishika uso.

"Alhamdulillahi," alisema.

Neno lile lilimchoma Raudha. "Unashukuru?"

"Ile ya mwisho nilikubeba ngazini, unakumbuka? Hukumbuki, ulikuwa umezimia. Damu iliingia ndani ya viatu vyangu. Tangu Mama aliponiambia habari hii sijalala. Nazunguka masokoni natafuta tikiti kwa sababu nikikaa nyumbani nitapiga kelele."

"Lakini ulifurahi! Ulinibusu!"

"Nilidhani wewe umefurahi."

"Na mimi nilinyamaza kwa sababu nilidhani wewe umefurahi."

Wakatazamana. Raudha ndiye aliyeanza kucheka, kisha Munsif, na katikati ya kicheko mwanamume akaangua kilio waziwazi, rangi ya kucha ikimpaka mashavuni.

"Kidogo nilimtaka," alisema.

"Na mimi," Raudha alisema, na alishangaa kujisikia akisema hivyo, maana hakuwa akilijua. "Kidogo."

Wakamlilia pamoja, huyo ambaye hakuwapo, kwa muda aliostahili. Kisha Munsif akauliza zile njia za daktari, moja moja, kila moja inauma kiasi gani, inachukua muda gani, ikishindikana inakuwaje. Alipomaliza akauliza swali ambalo tangu wakati wa baridi hakuna aliyemuuliza Raudha, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Wewe unataka nini?"

Raudha alifungua mdomo kumjibu kwamba vyovyote atakavyoona yeye. Akaufunga. Akafikiri.

"Nataka kulala hadi asubuhi," alisema taratibu. "Nataka kukaa popote penye kiti. Kwanza dripu ya madini ya chuma, nipate nguvu za kupanda ngazi. Halafu kitanzi. Nakipa mwaka. Kikishindwa, mji utolewe, na wala sitaki uje ukae pembeni ya kitanda unalilia mji wa mimba."

"Mji wa mimba?" Munsif alisema. Aliinuka, akamshika kiuno, akamkalisha polepole juu ya ule mto wa rangi ya maziwa. "Mimi nimekuwa naogopa kukulilia wewe."