Bati Ambalo Verner Hakutaka Kulitoboa

...na ukishatoboa hakuna kurudi nyuma, bati halishonwi likapona, Verner alikuwa akijiambia hivyo kwa mara ya nne sasa, amepiga magoti ndani ya trela ya kulala pale jokofu lilipokuwa limekaa hadi jana, mbao za ndani keshazikata, sufi ya kuzuia baridi keshaing'oa na sasa mikono inamuwasha hadi viwikoni, kilichobaki ni ngozi ya nje yenyewe, alumini nyembamba ya mwaka hamsini na nane, na juu yake mstatili alioupiga kwa penseli, kona nne, tundu nne za kuanzia, kisha msumeno, kisha kidirisha cha vipenyo cha kupitisha hewa ya jokofu, kisha kingine kama hicho juu yake, kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye mikono, na mikono anayo, ncha ya drili iko kwenye kona ya kwanza, kidole kiko kwenye kitufe, basi bonyeza, mzee, bonyeza... "Baba, tayari?" Huyo ni Renae, binti yake wa pekee, yuko nje upande wa pili wa bati, kazi yake ni kukandamiza kipande cha ubao ili bati lisichanike drili itakapotokeza kwake, na sauti yake inapita humo kama vile wamekaa meza moja. "Tayari kidogo," akamjibu, na Renae akacheka, "Tayari kidogo ndiyo tayari gani hiyo? Vidole vinaganda huku, nimesimama kama mlingoti," na Verner akasema dakika moja tu mwanangu, akaiondoa ncha ya drili, akaipangusa mahali palipokuwa safi, akairudisha palepale.

Kesho anaondoka, hilo ndilo la kushika, kesho alfajiri Renae anaikokota trela hii hadi Bonde la Mto Mwekundu kwenye mavuno ya viazisukari, saa kumi na mbili kwa siku juu ya mashine za kupakulia, majuma mawili mfululizo kama ardhi haitaganda, na akitoka kazini atalala humu, kwenye kitanda hikihiki, madirisha yamefungwa kwa sababu Oktoba kule upepo unakata masikio, na jokofu la gesi linawaka miguuni pake, maana hivyo ndivyo jokofu la gesi linavyofanya kazi, watu hawaamini ukiwaambia, kuna mwali mdogo nyuma usiozimika, moto ndio unaoleta baridi, na moto unakula hewa na kutema hewa yake, na hewa hiyo lazima iwe na mlango wa kutokea. Alimwambia achukue sanduku la barafu tu. "Majuma mawili na sanduku la barafu? Baba, mimi siendi kuvua samaki, naenda kufanya kazi." Akamwambia basi ngoja nikutobolee tundu, na hapo Renae akamkodolea macho, na macho yale hajayasahau tangu Jumapili, na sasa tena anamuuliza, hakomi huyu, kamfuata mama yake kwa kutosahau, "Lakini hukunijibu bado. Si ulikuwa ukisema atakayeitoboa hii trela na wewe utamtoboa yeye? Mama aliomba skrubu moja ya kutundikia taulo ukanuna siku tatu. Leo kulikoni?" Na Verner, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, mtu wa kanisani, akasema, "Sheria zimebadilika." Sheria! Sheria zipi, ewe mzee mwongo, tangu lini moto ukabadilishiwa sheria...

Miaka thelathini na sita alikuwa fundi wa matanuru, tarafa nzima inamjua, baridi ikishashuka anaitwa nyumba hadi nyumba kukagua bomba za moshi, na alikuwa mkali, loo, alikuwa mkali, bomba likiwa na ufa anazima gesi na kubandika karatasi nyekundu, mtu asiwashe, wajane wanamlilia Bwana Tormoen tuonee huruma watoto wataganda, naye anawaambia kuganda unajua kwamba unaganda, mama, lakini hewa hii ya sumu huijui, haina harufu, haina rangi, unaumwa kichwa kidogo, unasema ngoja nijilaze... alikuwa akiwaambia maneno hayohayo, kwa mdomo huuhuu. Halafu akastaafu, akainunua trela hii shambani kwa mtu, kuku wanalala ndani, akaing'arisha kwa mkono majira matatu ya kiangazi hadi Arlys akawa anajitia wanja mbele yake, Arlys, mkewe, aliyeshona mapazia ya manjano na kusema hivi tu, "Umenikumbusha jinsi ulivyokuwa ukinishika mimi zamani," na wakajiunga na chama cha wenye trela za kale, wazee watupu, kila mwezi wanakutana pembeni ya ziwa fulani na mabakuli ya tambi na kahawa nyepesi, na waamuzi wanapita wakipekua, Burdette Moe na kioo chake cha kuchungulia uvunguni, kila kisicho cha kiwandani kinapunguza alama, skrubu mpya alama moja, taa mpya alama mbili, na tundu kwenye bati, tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa, hapo hata hawakuhesabu, wanakutazama tu kwa huruma kama mtu aliyempiga mbwa wake. Na kiwanda hakikutoboa tundu la jokofu kwa kuwa hakikuweka jokofu, kiliweka kabati la barafu, na Arlys alichoka na barafu, kubeba mabonge, maji kumwagika, maziwa kuchacha, akasema Verner nitafutie jokofu au nenda peke yako, akalipata, zuri, la zama zilezile, likaingia kwenye kabati la barafu kama limezaliwa humo, na kitabu chake kikasema tundu mbili, moja chini moja juu, akakisoma, akakifunga. Hakusahau. Aache kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba alisahau. Aliketi pale mezani na penseli sikioni, akafikiri, dirisha la juu ya sinki likiachwa wazi shubiri moja linatosha, akajipigia hesabu mwenyewe, yeye mbandika karatasi nyekundu... "Baba, unaongea na nani?" "Na drili." "Inajibu?" "Haijajibu." "Basi nyinyi mnafanana."

Akatabasamu, mdomo ukatabasamu wenyewe, na moyo ukamshuka papo hapo, kwa sababu mzaha ule ulikuwa wa Arlys, sauti ya Arlys, na Renae hajui kwamba mama yake alizimika mita moja kutoka hapo ubao wake ulipo, ama anajua mahali, hajui kwa nini. Arlys aliambiwa aache dirisha wazi, hilo kweli, alimwambia mara mia, lakini alimwambiaje? "Jokofu linapenda hewa." Basi. Hakutaja sumu, maana angetaja sumu Arlys angesema toboa leo hii au lirudi lilikotoka, na angekuwa na haki, kwa hiyo alimwambia kitu chepesi, kitu cha kumwambia mgeni, na Ijumaa ile ya mkutano wa chama pale ziwani Arlys akalalamika kichwa, na yeye akasema ni joto la gari, na Jumamosi saa nane mchana mvua ikapiga ya upepo, inaingilia dirishani inalowesha mapazia yake ya manjano, sasa mwanamke gani ataacha mapazia yake yaloe kwa sababu jokofu linapenda hewa, akafunga, akajilaza na koti juu ya miguu, na yeye Verner alikuwa chini ya turubai la chama akisubiri matokeo, Burdette akamshika bega mbele ya watu wote, akasema, "Si mbaya, Verner. Si mbaya hata kidogo," na katika nchi hii mwanamume hampi mwanamume mwenzake sifa kubwa kuliko hiyo, akapewa utepe wa bluu wa mshindi, akala na kipande cha keki, akala keki jamani, akatembea polepole kwenye majani mabichi kwenda kumwonyesha... Daktari akaona chupa ya vidonge vya moyo kando ya kitanda, miaka sitini na sita, akaandika moyo. Kanisani watu wakasema anapendeza, ana rangi, mashavu mekundu kama ametoka kuteleza kwenye theluji, na Verner akawa anaitikia ndiyo, anapendeza, naye anajua mashavu mekundu yana maana gani, ni alama ya sumu ileile, mafundi wote wa matanuru wanajua.

Na angekuwa amelibeba peke yake lingekuwa lake, aende nalo kaburini, lakini halikukaa kwake peke yake, hapo ndipo panapomnyima usingizi, kwa sababu Jumamosi ileile asubuhi Renae alimpigia mama yake simu, alikuwa akimwacha mume, mama akasema rudi ukamwombe msamaha, wakarushiana maneno, Renae akamwambia hunipendi na hujawahi kunipenda, akakata simu, na baada ya mazishi, chini kule kwenye ukumbi wa kanisa, sahani za karatasi mikononi, akamjia na uso uliovimba akasema, "Ni mimi, Baba. Nimempasua moyo mimi." Na yeye akasemaje? Akasema, "Usiseme hivyo, mwanangu." Akampigapiga mgongoni. Usiseme! Hakumwambia si kweli, alimwambia asiseme, na Renae mtoto mtiifu hajasema tena miaka tisa, ila hajaolewa tena, hajaja Krismasi hata moja bila kwenda kwanza makaburini akasimama kwenye theluji dakika ishirini huku baba yake akimtazama kutoka kwenye gari lenye joto... yeye ndani, mtoto kule nje, na hewa ya moto inampuliza miguuni.

Bonyeza basi. Ukibonyeza litakuwa tundu zuri, salama, Renae ataishi, atavuna viazi vyake, atarudi, na hakuna atakayejua, tundu litakuwa limesema kila kitu bila mtu kusikia, ndiyo hesabu yako hiyo, Verner, siyo? Umepata njia ya kutubu ambayo haina maneno. Kidole kikakaza, hakikubonyeza, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kinakuja, kilianza kumjia jana alipoling'oa jokofu akaona masizi yale meusi nyuma yake, nusu tu, masizi ukingoni na katikati pamepanguswa, na alisimama pale na kitambaa akijiuliza nani alipangusa hapa. Nani? Kila alipokumbuka siku ile alikumbuka hivi, aliingia, akamwona, akapiga kelele, watu wakaja, wakafungua madirisha. Miaka tisa anaisimulia hivyo, kwa mchungaji, kwa Renae, kwa dari ya chumba chake. Lakini watu walipokuja madirisha yalikuwa wazi. Burdette alisema, nakumbuka alisema, mbona kumeingia maji hivi. Yalikuwa wazi yote na vitasa vya madirisha yale ni vigumu, kila kimoja kinataka mizunguko kumi, na gesi ilikuwa imefungwa, na mwali umezimwa, na nyuma ya jokofu pamepanguswa kwa taulo... mkono wake huu. Mkono wake ulifanya kazi yote ile kwanza. Aliingia, akamwona, akajua papo hapo, fundi yule, akazima, akafungua, akapangusa, ili mtu asije akajua, utepe bado uko kifuani, na katikati ya kazi hiyo aligusa mguu wa Arlys kwa kupita, alikuwa anapita kwenda dirisha la nyuma, akaugusa, na ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto chini ya koti. Hakusimama kuangalia kama anapumua. Akazungusha kitasa hadi mwisho, ndipo akaita watu.

Ee Mungu. Ee Mungu wangu. Akabaki hivyohivyo amepiga magoti, drili palepale, kona ileile ya kwanza, bati zima bila tundu hata moja, na nje Renae akapiga chafya, akasema, "Mzee, ama toboa ama niletee kahawa, moja kati ya hayo," na Verner akafikiri, Renae akilijua hili hatarudi hapa tena, hata mazishini kwangu hatakuja, na ni haki yake, na labda akilijua ataweza kulala, labda ndiye mtu pekee aliyebaki ninayeweza kumwokoa na bado sijamwokoa. "Renae," akasema. "Naam?" "Jambo nitakalokwambia, nisikilize mpaka mwisho ndipo uondoke." Renae akaushusha ubao, "Nakusikiliza, Baba." Akaweka paji la uso kwenye bati, lilikuwa baridi sana, akasema, "Mama yako hukumuua wewe, ni jokofu langu. Niliingia nikamkuta bado ana joto, na kabla sijaita mtu nilifungua madirisha kwanza."