Beseni la Noreen

Hedley Murgatroyd hakuwahi kuishiwa na maneno ya kuisema serikali, na Februari ile serikali ilikuwa imempa sababu. Amri ilitoka kwamba kuku wote wafungiwe ndani, maana mafua ya ndege yalikuwa yameenea Yorkshire nzima, kaskazini mwa Uingereza. Kuku asikanyage udongo wa nje, asichangamane na ndege wa porini, na mwenye kuku asiingie bandani kabla hajachovya buti zake kwenye beseni la dawa.

Sasa vichaka vyake vya gusberi, yale matunda madogo machachu ya kijani, vingeishije? Vilikuwa kumi na vinne, na aliachiwa na baba yake pamoja na kishamba chenyewe, kimoja kati ya vile vishamba ambavyo baraza la mji huwakodisha wakazi mtelemko mzima nyuma ya kiwanda cha sufu kilichofungwa. Kiangazi kilichopita viwavi walivitafuna vikabaki miiba mitupu. Dawa yake Hedley aliijua tangu utoto. Februari unakwangua majani makavu chini ya vichaka, unawafungulia kuku, nao wanachakura wanakula mabuu yaliyojificha udongoni yakingoja joto. Majani mapya yakichipua unawarudisha bandani, maana wakikaa hadi matunda yatoke watayamaliza wao.

Kuku wa kazi hiyo walikuwa watatu wake na tisa wa jirani yake wa upande wa chini, Noreen Sugden. Kila Februari Noreen aliwaleta kuku wake wakala wakashiba, na kila Julai Hedley akampelekea ndoo za gusberi za kupikia jamu. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na tisa, isipokuwa mwaka uliopita, theluji ilipofunika udongo Februari nzima. Yeye alikuwa mjane wa kiume, Noreen hakuwahi kuolewa, na wote wawili wangekuambia hapana kitu kati yao ila kuku na matunda. Waongo wakubwa. Hakuna siku waliyokosa kunywa chai pamoja kishambani kwa Hedley, kwenye viti viwili vilivyokatika migongo.

"Mwaka huu hawatoki, kipenzi," Noreen alimwambia. Wanawake wa huko humwita kila mtu kipenzi, hata mkata tiketi.

"Siku mbili tu. Nani atajua?"

"Kuku wenyewe watajua. Hawa nimewapa majina ya walimu wangu wa shule, na Bi Ollerenshaw yule pale hajawahi kutunza siri ya mtu." Akamwonyesha beseni la bluu mlangoni pa ua wake. "Na wewe ukija kwangu uchovye buti. Sikuliweka hapo liwe pambo."

"Nioge na sabuni kabisa?"

"Nawe unahitaji. Chovya, Hedley."

Akachovya, kwa kuwa alikuwa akitazamwa. Siku ambazo Noreen hakuwepo na yeye ndiye aliyewajazia kuku maji, alilivuka tu beseni lile kama mtu anavyoruka dimbwi. Maji yake yalikuwa baridi na buti zake zilikuwa na tundu.

Kisha, Jumanne moja asubuhi, akawafungulia kuku wake watatu. Tusimfanye mhalifu mapema. Alikuwa mzee aliyekwishaona vichaka vya baba yake vikivuliwa nguo mwaka mmoja, na alijua mwaka wa pili vingekufa. Kuku wakatoka wakachakura kwa furaha hata yeye mwenyewe akatabasamu. Shakwe wachache kutoka bwawa la maji la kule juu walishuka wakatembea kati yao, wakadonoa, wakanya, wakaruka. Hedley aliwatupia bonge la udongo. Jumatano akawafungulia tena, na Alhamisi pia.

Jumatatu iliyofuata kuku wawili walikuwa wamekufa. Undu ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau, na vichwa vimevimba.

Alijua. Nalisema wazi kwa sababu baadaye alijaribu sana kujiaminisha kwamba hakujua. Lakini wenye vishamba wa huko wana mazoea yao: kuku akifa hatupwi, anazikwa chini ya kichaka cha matunda ili mizizi ipate chakula. Mikono yake ikafanya ilichozoea kabla akili haijaamua lolote. Akachukua beleshi, akachimba kati ya vichaka viwili vya katikati, akawafukia, akasindilia udongo kwa buti.

Kwa buti zilezile akashuka kwa Noreen, aliyekuwa ameenda kwa daktari wa meno, kuwajazia kuku wake maji. Beseni lilikuwa pale pale. Akalivuka.

"Wako mbona mmoja?" Noreen aliuliza alipopita kesho yake.

"Mbweha."

"Masikini. Lakini sioni hata unyoya."

"Mbweha msafi," alisema Hedley, na Noreen akacheka. Kicheko kile kilimuuma baadaye kuliko chochote.

Bi Ollerenshaw alikufa Ijumaa. Noreen hakungoja wa pili. Alipiga simu siku ileile, akasimama langoni akiwangoja wakaguzi huku mikono ameificha kwapani. Walikuja na mavazi meupe. Waliua wote, wanane wake waliobaki, yule mmoja wa Hedley, na thelathini na mmoja wa watu wengine mtelemko mzima. Mkaguzi alimuuliza Hedley alikuwa na kuku wangapi.

"Mmoja. Wawili walichukuliwa na mbweha Krismasi."

Mkaguzi akaandika. Akaandika vilevile kwamba ugonjwa ulianzia kwenye kishamba cha Bi Sugden, maana ndiye aliyetoa taarifa na ndiye aliyekuwa na mzoga wa kwanza. Mtu mwaminifu ndiye aliyepata jina baya. Watu waliokula jamu yake miaka yote wakaanza kutazama viazi vyao akipita. Bwana Tattersall, katibu wa chama cha wenye vishamba, akampelekea barua yenye adabu nyingi, ikimwomba afikirie kuachia kishamba mwisho wa Julai, "kwa amani ya wote."

Lawama za watu Noreen angezimeza. Lililommaliza ni lake mwenyewe.

"Ni lile beseni," alimwambia Hedley mwezi wa Aprili, chai imepoa mkononi. "Nadhani dawa niliiweka kidogo. Au kuna siku nilisahau kubadilisha maji. Wewe ulikuwa unachovya, siyo?"

"Nilikuwa nachovya."

"Basi ni mimi."

Mwezi wa Mei akaja na daftari la kumbukumbu zake, siku baada ya siku, akitafuta kosa. Alikuwa amekonda. Alisema hapati usingizi, na akilala anawaona kuku waliouawa wa jirani yao mzee Firth, ambaye mkewe alikuwa mgonjwa na hakuwa na furaha nyingine. Hedley alimtazama akifungua kurasa. Sentensi moja tu ingetosha kumtua mzigo ule, naye alikuwa nayo mdomoni kila siku, na kila siku aliimeza pamoja na chai. Alijiambia kesho. Alijichukia, kisha akajipalilia vichaka vyake.

Siku ya mwisho ya Julai Noreen, aliyekubali kuachia kishamba, alipanda kuja kumrudishia Hedley ufunguo wake wa akiba. Hedley alikuwa amemchumia bakuli la gusberi. Noreen akalipokea, akaketi, akala moja, akakunja uso kwa ukali wake kama alivyokunja miaka yote. Kisha akainua macho.

Alitazama kwa muda mrefu. Mtelemko mzima, kishamba kwa kishamba, hapakuwa na kichaka cha gusberi chenye jani, maana kuku wa kila mtu walikuwa wamefungiwa Februari ile na viwavi walijilia watakavyo. Vya Hedley vilikuwa kijani kitupu. Vile viwili vya katikati vilikuwa vimeinama kwa uzito wa matunda.

"Viwavi hawajakugusa," alisema.

Hedley akatazama buti zake.

"Uliwatoa lini?"

"Februari."

Noreen akasimama, akaenda hadi kati ya vile vichaka viwili, akagusa ardhi kwa ncha ya buti. "Hapa?"

"Hapo."

"Na beseni?"

Alitaka kumwambia kuhusu vichaka vya baba yake, baridi ya maji, tundu la buti. Akatikisa kichwa tu.

"Nilikuuliza, Hedley. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, nikakuamini."

"Noreen, nitamwambia Tattersall. Leo hii naenda."

"Kamwambie." Aliweka ufunguo juu ya kiti, na bakuli kando yake, limejaa isipokuwa ile moja. Hakulia wala hakupandisha sauti. Angemtukana, Hedley angepata pa kushika.

Akateremka kwenye njia hadi langoni kwake. Ndani ya ua ule hapakuwa na kuku tena, hata banda lilikuwa limechomwa, lakini beseni la bluu lilikuwa bado pale. Chupa ya dawa ilikuwa juu ya nguzo. Akamimina, akapima kwa kifuniko kama ilivyoandikwa, akaingia na buti zote mbili, akasimama humo akihesabu dakika kwenye saa yake ya mkononi, uso ameuelekeza barabarani. Zilipotimia akatoka, akafunga lango, akaenda zake.

Hedley alibaki amekaa. Jioni shakwe walishuka kutoka bwawani wakaanza kula gusberi, naye hakuinuka kuwafukuza.